Usiache vidonge vya kuzuia damu kuganda kisa unatembea

Mkuu, kabla hujaacha hivyo vidonge usiku huu, soma hapa. Unasema nyonga mpya iko safi, wiki ya pili hii unatembea, tundu la moyo ni "la kuzaliwa nalo, halijawahi kunisumbua", michubuko inakukera, na jamaa wa goti mliyelazwa wodi moja keshaacha dawa ya kuzuia damu kuganda. Halafu unauliza soksi za kubana na lini utaendesha gari. Gari!

Goti si nyonga. Vidonge kama rivaroksabani kwa kawaida humezwa wiki 2 kwa goti, ila kwa nyonga ni wiki 5. Mimi nilibadilishwa nyonga, akaja mtaalamu wa mazoezi, anajiamini kuliko profesa, akaniambia ukishatembea damu haigandi tena, wiki 2 zinatosha. Ratiba ya goti hiyo! Na habari za moyo wangu hakugusa. Aninyooshe mguu, sawa, dawa za damu zinamhusu nini? Nikaacha.

Sasa sikia tundu linavyofanya kazi. Donge la damu likichomoka mguuni kwa mtu wa kawaida, linapita upande wa kulia wa moyo na kunasa mapafuni. Hapo tu linaweza kuua. Sisi wenye tundu kati ya vyumba vya juu tuna njia ya panya: ukikohoa au ukijikamua, presha ya kulia inapanda, donge linavuka kushoto, linakwenda ubongoni. Na dawa kali za maumivu, kama ujuavyo, hufunga choo. Nilitoka chooni mdomo umepinda, maneno hayatoki. Mke wangu akadhani nimelewa asubuhi asubuhi. Laiti!

Baadaye daktari wa moyo alinidunga maji ya chumvi yaliyotikiswa, tukaona kwenye eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) viputo vinavuka upande wa pili kama havijaona ukuta. Takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana upenyo wa aina hii na wengi hawajui. Wewe unajua, na bado unataka kuacha.

Kwa hiyo: usiache, usipunguze, usibadilishe kidonge mpaka daktari wa mifupa na daktari wa moyo wazungumze wao kwa wao. Usikubali kuwa tarishi wa kupeleka "kasema hivi, kasema vile". Michubuko waambie, choo kikiwa cheusi au damu ikigoma kukata, nenda hospitali hapo hapo. Wenye vali ya chuma moyoni, ninyi ni warfarini na vipimo vyake, msiige vidonge vyetu. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, pumzi ikikata, mkono ukilegea, usije kuuliza humu, kimbia.

Kesho asubuhi wapigie wote wawili. Cha leo umeshameza?