Instrumentesheni Mwanza: jifunze lupu kwanza, PLC itakusubiri

Vijana wengi wa Mwanza wanaotamani kazi ya instrumentesheni, yaani ufundi wa vifaa vya kupima na kudhibiti mitambo, hukimbilia kozi fupi ya PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mitambo kiwandani. Kompyuta inavutia na cheti kinapatikana haraka. Tatizo ni kwamba fundi mgeni kiwandani hakabidhiwi programu. Anakabidhiwa bisibisi, multimita na transmita (kifaa kinachotuma kipimo cha sensa kwa waya) inayodanganya, kisha anaulizwa: kasoro iko kwenye sensa, kwenye waya, au kwenye kabati la udhibiti?

Kazi zenyewe zipo. Viwanda vya minofu ya sangara vinaendesha mitambo ya kugandisha, vya bia na soda vina maboila na matangi, mitambo ya maji ina pampu na vipimo vya klorini, na Geita kuna dhahabu. Bidhaa hazifanani, ila vipimo ni vilevile: joto, presha, kina na mtiririko.

Kuhusu njia ya masomo hatutasema mengi. Unaweza kuanza na umeme VETA Mwanza, ukapanda ngazi moja hadi nyingine, au ukaenda stashahada katika vyuo vya ufundi vya Arusha, Dar es Salaam au Mbeya, ambako alama zako za fizikia na hisabati za kidato cha nne zitaangaliwa. Aliyeanzia kwenye umeme hajapoteza muda, maana kasoro nyingi zinazoitwa za vipimo ni terminali iliyolegea au maji yaliyoingia kwenye kisanduku cha maungio. Lakini kabla ya kulipa ada popote, omba uoneshwe karakana. Je, kuna pampu ya mkono ya presha yenye geji ya rejea? Kuna valvu ya kudhibiti ambayo wanafunzi wanaifungua na kuifunga wenyewe? Wanafunzi wangapi wanagawana kifaa kimoja? Ukioneshwa ubao wa PLC wenye taa tu, hapo utafundishwa kuwasha taa.

Mazoezi ya lupu, yaani mzunguko wa waya unaobeba kipimo kama mkondo wa miliampia 4 hadi 20, hayahitaji kusubiri chuo. Tafuta pawa saplai ya volti 24 DC, potenshometa ya kilo-omu 5, rizista za omu 680 na 270 za nusu wati, na rizista nne za kilo-omu 1. Hizo nne ziunganishe sambamba zikupe omu 250. Kisha panga vyote kwa mfululizo. Ukizungusha potenshometa, mkondo utatoka karibu miliampia 4 hadi 20, na kwenye omu 250 utapima volti 1 hadi 5, sawasawa na kadi nyingi za kupokea ishara za vipimo kiwandani. Zoea kugeuza: 4 ni asilimia 0, 8 ni 25, 12 ni 50, 16 ni 75, 20 ni 100. Kata waya uone sifuri. Ndiyo sababu kipimo kinaanzia 4: tangi tupu na waya uliokatika havifanani. Multimita ya kupima mkondo inaingia ndani ya mfululizo. Ukiigusisha moja kwa moja kwenye chanya na hasi za saplai, fyuzi yake inaungua, na kuanzia hapo kila lupu utakayopima itaonekana imekufa.

Kalibresheni, yaani kulinganisha kifaa na rejea inayoaminika, hufanywa kwa pointi tano kupanda na tano kushuka. Andika usomaji ulioukuta kabla hujarekebisha chochote. Wanafunzi wengi huzungusha kwanza na kuandika baadaye, na hapo hakuna tena anayeweza kujua kama chumba cha kugandishia kilikuwa na joto sahihi mwezi uliopita.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa usawa wa bahari havikutahadharishi. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya bahari. Presha ya hewa ufukweni ni kama kilopaskali 88, wala si 101, na maji huchemka karibu nyuzi 96. Ukizamisha Pt100 (sensa ya joto ambayo ukinzani wake hupanda joto likipanda) kwenye maji yanayochemka ukapata omu 137 badala ya 138.5, sensa ni nzima. Anayeilazimisha isome 100 ameiharibu yeye. Vivyo hivyo, transmita ya presha kamili, inayohesabu kuanzia ombwe, ikiachwa wazi hewani itasoma kama 88. Hiyo si sifuri iliyohama, na ukiisawazisha iwe sifuri umeigeuza kuwa ya presha ya geji, inayohesabu kuanzia presha ya hewa, bila kumwambia mtu. Kwa rejea ya nyuzi 0 tumia barafu iliyosagwa na maji kidogo, uikoroge, utarajie omu 100.

Themokapo (sensa ya joto ya nyaya mbili za metali tofauti) aina ya K ina mtego wake, na mafundi umeme ndio wanaonaswa zaidi. Kwa rangi za Ulaya, kijani ni chanya na nyeupe ni hasi. Kwa za Marekani, njano ni chanya na nyekundu ni hasi. Ukigeuza mahali pamoja, joto likipanda usomaji unashuka, na utagundua mara moja. Ukigeuza kebo ya nyongeza, ile inayotoka kwenye kichwa cha sensa hadi kabati, pande zote mbili, usomaji utafuata joto vizuri tu, ila ukiwa na kosa la mara mbili ya tofauti ya joto kati ya kichwa cha sensa na kabati. Hilo linaweza kukaa miaka.

Ukipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, jifunze mpangilio kabla ya kufungua boliti: kibali cha kazi, taarifa kwa opereta, kidhibiti kiwekwe kwenye hali ya kuendeshwa kwa mkono, valvu ifungwe, presha itolewe. Anayechomoa transmita ya kina wakati kidhibiti kiko otomatiki anaiambia mashine kwamba tangi ni tupu. Valvu inafunguka yote na tangi linafurika. Migodini, ambako pH ya tope lenye sayanidi inatakiwa ibaki juu ya 10 ili gesi ya sumu isitoke, kosa la namna hiyo haliishii kwenye kumwagika.

Kwenye usaili, tegemea swali kama hili: transmita ya baa 0 hadi 6 inatoa miliampia 10, presha ni ngapi? Toa 4, gawanya kwa 16, zidisha kwa 6: baa 2.25. Anayejua kazi ataendelea kukuuliza: na kama geji iliyo pembeni inasoma baa 3? Usikimbilie kubadilisha kifaa. Angalia kwanza upeo uliowekwa ndani ya transmita. Ukikuta ni 0 hadi 8, basi miliampia 10 ni baa 3 kamili, geji na transmita zote zinasema kweli, na namba zilizoandikwa kwenye PLC ndizo za kusahihisha.