Acha kuikaanga cheni ya baiskeli yako

"Shekhe, hii cheni umeikaanga?"

Ndivyo fundi alivyonipokea siku niliyompelekea baiskeli yangu pale Ngamiani, ikilia kama vifaranga na kuruka meno kila nikikanyaga kwa nguvu. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba mimi cheni yangu naitunza, kila Jumamosi naimwagia oili. Hakunibishia. Alipitisha kidole juu ya cheni, kikatoka na uji mweusi mzito, akausugua baina ya kidole gumba na cha shahada karibu na sikio langu. Nikasikia mchanga ukisagika.

"Hii si oili tena. Hii msasa."

Kwa asiyeijua Tanga: mji wetu ni tambarare, na baiskeli ni usafiri wa kila mtu, mwalimu, muuza samaki, mama anayekwenda sokoni. Mimi nilikuwa natoka Pongwe kwenda mjini kila siku ya kazi. Njiani kuna vumbi jeupe la mawe ya chokaa, ukifika mjini unakutana na upepo wa bahari wenye chumvi, na masika ikianza, Machi hadi Mei, matope. Cheni inakula vyote hivyo. Na oili niliyokuwa naimwagia ilikuwa ile chafu, iliyomwagwa kutoka kwenye injini za magari, ambayo gereji wanakupa bure kwenye chupa ya maji.

Ubure wake ndio uliniponza. Oili chafu imeshabeba masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini, na kwa vile ni nyingi na haina gharama, unaimwaga bila kipimo. Vumbi linanata, linakuwa tope, tope linatafuna meno. Tena si nzuri kwa ngozi ukiigusa kila mara. Halafu suruali! Mguu wa kulia wa kila suruali yangu ya kazini ulikuwa na mhuri wa meno ya sproketi, ile sahani ya mbele inayovuta cheni, mweusi, usiotoka kwa sabuni yoyote. Mke wangu alishaacha kuuliza.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo wengi hatulijui, ni mahali cheni inapohitaji mafuta. Itazame kwa karibu. Kuna vibati vya pembeni, kuna pini zinazovishika, na juu ya kila pini kuna kigurudumu kidogo kinachozunguka, rola. Cheni ya namna hii ilisajiliwa na Hans Renold huko Manchester mwaka 1880 na mpaka leo haijabadilika sana. Msuguano uko ndani, kati ya rola na kilichomo, kati ya pini na tundu lake. Mafuta yanatakiwa humo. Yale yanayong'aa nje hayafanyi kazi yoyote zaidi ya kukamata vumbi.

Ukilishika hilo, usafi wa cheni unakuwa na mantiki. Napindua baiskeli, kiti na usukani chini juu ya boksi lililokunjuliwa. Kabla ya kitu chochote kinachotiririka, nashika cheni kwa tambara kavu na kuzungusha pedeli kinyumenyume, raundi ishirini, thelathini, nikigeuza tambara. Hatua hii watu wanairuka, na ndiyo ninayoisisitiza: ukianza na mafuta ya taa wakati mchanga bado uko juu, unauosha kuelekea ndani ya rola.

Sasa ndipo mafuta ya taa yanapoingia, kidogo tu kwenye kopo, pamoja na mswaki uliostaafu. Dizeli pia inafaa. Petroli niachie mbali, inashika moto kabla hujajua kilichotokea, na jiko la mkaa huwa haliko mbali na uwanja wa nyumba zetu. Sugua cheni pande zote, juu, chini, ubavuni. Meno ya mbele unayafikia kwa mswaki huohuo. Kwenye baiskeli ya gia, uchafu mbaya unajificha kati ya sahani za meno ya nyuma; hapo nakunja tambara liwe kama utepe, nalipitisha katikati na kulivuta huku na huku, kama mtu anayejisugua mgongo kwa dodoki. Usisahau vile vigurudumu viwili vidogo kwenye mkono wa gia wa nyuma. Weka ncha ya bisibisi bapa taratibu juu yake, zungusha pedeli, uone ukoko unavyobanduka vipande vipande. Wakati wa kuzungusha, watoto wakae mbali. Kidole kikiingia kati ya cheni na meno hakitoki salama.

Baada ya hapo maji ya sabuni, suuza kwa kikombe, acha juani mpaka ikauke kabisa, kwa sababu mafuta ya taa yakibaki ndani yatayeyusha oili mpya. Wale wanaopeleka baiskeli kwenye mashine za kuoshea magari nawaonea huruma: presha ile inasukuma maji hadi kwenye gololi za ekseli na kufukuza grisi.

Mafuta gani? Hapa kila mtu ana dini yake. Mimi kiangazi natumia mafuta ya cherehani, mepesi, yanapenya haraka, ingawa mvua moja tu inayaondoa. Masika natumia oili ya injini mpya kabisa, kiasi kidogo kutoka kwa wauza vipuri vya bodaboda. Grisi hapana, haipenyi kwenye rola. Mafuta ya alizeti hapana, yanageuka gundi. Na WD-40, ambayo vijana wanaipulizia kila kitu, kazi yake ya asili ni kufukuza maji, ndiyo maana ya hizo herufi mbili, "water displacement". Cheni itanyamaza siku mbili kisha italia tena.

Kifaa changu nikipendacho kwa kazi hii ni bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa. Unavuta mafuta, unadondosha tone moja juu ya kila rola, upande wa ndani wa cheni, rola moja moja. Cheni ina viungo mia moja na kitu, na bomba hilo moja linatosha. Kisha zungusha pedeli dakika mbili, acha ilale usiku kucha. Asubuhi chukua tambara safi na ufute. Futa kwa roho mbaya kabisa, kama vile hukuwahi kuweka mafuta, mpaka kidole kikipita juu kitoke karibu kikavu. Nikiwaambia watu hili wananiangalia kama mwendawazimu. Lakini suruali zangu sasa hazina mhuri.

Turudi kwa fundi. Kuosha peke yake hakukuokoa cheni ile, ilikuwa imeshachoka. Mimi nikanunua mpya, nikaifunga mwenyewe nyumbani, na kesho yake ikaruka meno vibaya kuliko ile ya zamani. Meno ya friwili, yale ya gurudumu la nyuma, yalikuwa yameshalika kwa kuifuata cheni iliyorefuka kwa kulika pini zake, hayakupatana na mpya. Siku hizi napima mapema. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo hatua 24 ni inchi 12 kamili. Tumia futi ya seremala, ya fundi cherehani inavutika. Weka sifuri katikati ya pini moja, na alama ya 12 iangukie katikati ya pini nyingine. Ikiwa pini imepita alama kwa moja ya kumi na sita ya inchi, milimita moja na nusu hivi, badilisha cheni peke yake. Ikipita kwa moja ya nane, andaa pesa ya meno pia.

Na kama cheni yako ni ya loki yenye klipu, yaani kiungo cha kuifungia na kuifungulia, kama nyingi zisizo za gia, hakikisha upande uliozibika wa klipu unatangulia kule cheni inakoelekea, na ule wa wazi unafuata nyuma. Mimi niliigeuza. Klipu ikachomoka nikiwa katikati ya njia jua la saa saba, nikasukuma baiskeli hadi nyumbani cheni ikiwa ndani ya mfuko wa rambo. Sasa loki ya akiba iko chini ya kiti, imefungwa kwa mpira wa tyubu.