Nilikosa ustelingi kidogo tu (stori yenyewe hii hapa)

Kwa miaka kama sita pale kijiweni kwetu Mwaloni Kirumba, Mwanza, nilijulikana kama yule jamaa aliyekosa kidogo tu kuwa stelingi wa muvi moja ya Dar, na stori nilikuwa naipiga mwenyewe na kila nikiipiga inanenepa, mara dairekta alinikumbatia, mara mkataba ulikuwa mezani nikaukataa kwa sababu walitaka kitu kidogo. Ukweli sasa: nililala kwenye basi, nikapanga foleni ya usaili tangu alfajiri, nikasema mistari miwili, dada mwenye karatasi akasema "tutakupigia". Laini ile sijaitupa mpaka leo.

Aliyeniumbua ni mzee mmoja wa dagaa, wala hakuwa na ubaya. "Ng'wanawane (yaani mwanangu, kwa Kisukuma), hiyo sini uliyopewa ilikuwa inahusu nini?" Aisee nikakosa jibu, kijiwe kizima kikavunjika mbavu.

Sasa wewe msanii wa hapa Mwanza, wa Igoma sijui Buzuruga, unayepiga stori ya "kidogo nipate", jua ina ngazi zake. Cheki waigizaji wa Hollywood: Tom Selleck alichaguliwa kabisa awe stelingi Indiana Jones, akabanwa na mkataba wa tamthilia ya TV, Magnum, P.I., Harrison Ford ndo akapita na muvi ya 1981. Dougray Scott ndo alikuwa awe Wolverine kwenye X-Men ya 2000, Mission: Impossible 2 aliyokuwa anaishuti ikachelewa kuisha, Hugh Jackman akaokota. Halafu Eric Stoltz, huyu ananiuma kuliko wote, alishashuti Back to the Future wiki kadhaa kabisa, wakamtoa wakamweka Michael J. Fox wakarudia sini zake. Hao wakisema kidogo, ni kidogo kweli. Mimi na foleni yangu, wapi.

Kwa hiyo ukiulizwa taja ngazi uliyofika, basi, usiongeze hata chumvi ya kuonja. Juzijuzi vijana fulani walikuwa wanashuti filamu fupi ufukweni, wakaniuliza uzoefu, nikawaambia usaili mmoja, sikuitwa, nahisi Kisukuma kiliniangusha maana "r" zote zilitoka "l". Dairekta akasema lafudhi hiyohiyo ndo anaitafuta. Nikapewa mvuvi, sini mbili.

Mzee wa dagaa nilimwonyesha kwenye simu. Kaangalia weee mpaka mwisho, kisha akauliza nani alinifundisha kushika kasia kama mwiko wa ugali.