Maswali yenu: Thieta haisomewi miezi mitatu

Jumbe nyingi za mwezi huu ni za vijana wanaotaka kazi ya thieta, yaani chumba cha upasuaji: kusimama mezani na daktari mpasuaji. Nimefurahi, maana kusini tunawahitaji. Kinachonichosha ni kwamba wengi wanauliza ada na mshahara, halafu kazi yenyewe hawaiulizi kabisa.

Sista, shikamoo. Chuo gani hapa Mtwara kinafundisha teknolojia ya upasuaji, na ada ni kiasi gani? (Tandahimba)

Marahaba. Swali hili nimeshalijibu mpaka mate yamenikauka. Kada unayoisema, ya mtu anayesomea thieta moja kwa moja bila kupitia uuguzi, imeshika mizizi Marekani. Hapa kwetu anayempa daktari vifaa mezani kwa kawaida ni muuguzi. Kwa hiyo anza na uuguzi: miaka mitatu hadi stashahada, mtihani, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ukishaajiriwa, omba upangwe thieta, ujifunze chini ya wakubwa, kisha ndipo utafute kozi ya ubobezi.

Kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha chuo kimo kwenye orodha ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na kozi yenyewe imo pia. Kuna chuo kina usajili wa kozi moja, halafu kinauza tano. Bango lenye picha ya daktari aliyevaa barakoa si usajili. Ukiambiwa miezi mitatu utatoka mtaalamu wa upasuaji, toka hapo hapo, na fomu usilipie.

Ada inatofautiana chuo kwa chuo, pigeni simu. Ila wazazi wa korosho, ulizeni mapema kama chuo kinapokea kwa awamu. Mara nyingi masomo huanza kabla pesa ya mnada haijaingia.

Binti yangu ana F ya Fizikia. Kuna mtu wa chuo ameniambia "tutamsaidia," nitume laki mbili. (Mzazi, Nachingwea)

Usitume, mama. Uuguzi unataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Huyo bwana atakusaidia kuipunguza laki mbili, basi. Binti arudie Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Binamu yangu yuko Marekani anafanya kazi hiyo, anasema alisoma mwaka mmoja tu. Naweza kusoma kozi ya huko kwa mtandao nikiwa Lindi? (Lindi Mjini)

Binamu yako hajakudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Kule programu huchukua kati ya miezi tisa na miaka miwili. Ili ufanye mtihani wa cheti chao kinachoitwa CST lazima uwe umehitimu programu iliyoidhinishwa, na programu hiyo inakutaka uingie kwenye operesheni halisi, ukiwa umenawa, umevaa gauni na glavu. Mtandao utakufundisha majina ya mikasi. Hautakufundisha kuiweka kwenye kiganja cha daktari ambaye macho yake yapo kwenye kidonda na hawezi kukugeukia. Na hata ukikipata cheti cha kule, hapa hakikupi leseni. Tovuti inayokuahidi kila kitu kwa dola mia inauza karatasi.

Mimi ni mwanafunzi Masasi. Wiki ijayo naingia thieta mara ya kwanza na naogopa nitazimia. (Masasi)

Kunywa chai nzito na kitafunwa. Usisimame umekaza magoti. Ukiona giza linakuja, sema, rudi nyuma mbali na meza, kaa chini sakafuni. Hakuna atakayekucheka, ila ukianguka juu ya meza ya vifaa safi tutakukumbuka mpaka unastaafu. Na kabla ya wiki hiyo kufika: umechanja homa ya ini B? Ni dozi tatu, na wanafunzi wengi huikumbuka baada ya kuchomwa na sindano. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, mwisho saa 72. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa.

Nina miezi michache thieta. Juzi kwenye upasuaji wa mama mjamzito gozi moja (kitambaa cha kufyonza damu) haikuonekana, daktari akasema nimehesabu vibaya, tufunge. Nilinyamaza. Baadaye ilikutwa kwenye ndoo. Je, nilikosea? (Muuguzi, mkoa wa Lindi)

Ulikosea kunyamaza, mwanangu. Gozi kukutwa kwenye ndoo ilikuwa bahati ya yule mama. Ingekuwa tumboni mwake, angerudi wiki kadhaa baadaye na homa na usaha, na jina lako lipo kwenye fomu.

Hesabu inafanywa na watu wawili, kwa sauti, wote wakiangalia: wewe uliyenawa na kusimama mezani, na mwenzako asiyenawa anayezunguka chumbani kuleta vifaa. Kabla ya kukata. Kabla ya kufunga mfuko wa uzazi. Kabla ya kufunga tumbo. Tena kwenye ngozi. Kila gozi inayoongezwa inaandikwa ubaoni wakati ule ule, maana kichwa husahau damu inapokuwa nyingi. Ndoo na mashuka machafu hayatoki chumbani mpaka hesabu itimie. Usikate gozi vipande viwili hata ukiombwa na profesa, kwa sababu kuanzia hapo hesabu yako ni uongo. Na gozi ya tumboni lazima iwe ile yenye uzi unaoonekana kwenye eksrei. Ile ya kufungia vidonda wodini isikaribie meza.

Isipotimia unasema hivi: "Daktari, hesabu haijatimia, gozi moja haipo." Husemi "nadhani" wala "samahani." Mnatafuta kidondani, chini ya mashuka, sakafuni, kwenye ndoo, chini ya viatu. Isipoonekana, mgonjwa anapigwa eksrei. Daktari akilazimisha, andika kwenye kumbukumbu kwamba ulimweleza, na saa ngapi.

Halafu kuna wanaosema haya ni mambo ya Ulaya. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ilijaribiwa katika miji minane, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, hapa hapa Tanzania. Matokeo yalichapishwa 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, madhara baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Kutamka kwa sauti kwamba hesabu imetimia ni kipengele kimojawapo. Siku hizi naona fomu hiyo inajazwa tiki zote mgonjwa akiwa ameshafika wodini. Hiyo ni kughushi, tuiite kwa jina lake.

Navaa hijabu. Thieta watanikubali? (Mikindani)

Watu wanafanya kazi nayo kila siku. Iwe safi, ya humo humo ndani, si ile uliyopanda nayo bodaboda, na ncha zote ziingie ndani ya nguo. Mikono lazima iwe wazi hadi juu ya kiwiko wakati wa kunawa. Gauni safi litaifunika baadaye. Zungumza na msimamizi wa thieta kabla ya siku ya kwanza. Pete, bangili na kucha za bandia hazina mjadala, hata kama harusi ni kesho.

Nimesafisha vifaa vya thieta hospitali binafsi miaka mingi. Nipeni njia ya kupata cheti bila kurudi darasani. (Newala)

Sina, kaka, na nisingekupa hata ningekuwa nayo. Uzoefu wako nauheshimu, lakini nikuulize: unajua kwamba ile tepu inayobadilika rangi kwenye mashine ya mvuke inakwambia tu kwamba kifurushi kilipita kwenye joto? Haikwambii kwamba vijidudu vimekufa. Na kifurushi kinachotoka na unyevunyevu hakihesabiwi kuwa safi, hata kama kilikaa muda wote kwenye nyuzi 121. Watu wengi wenye miaka mingi kazini wanakipanga rafuni hivyo hivyo. Darasani ndiko utaelezwa kwa nini wasifanye hivyo. Na kumbuka, ukisimama mezani bila leseni, siku mambo yakiharibika mwajiri wako atasema hakujui.

Mshahara wa thieta ukoje? (Wengi)

Serikalini unalipwa kwa kada na daraja lako, si kwa chumba unachofanyia kazi.

Nivae viatu gani? (Ruangwa)

Vinavyofunika vidole, visivyoteleza, vinavyooshika, na visitoke nje ya thieta. Ndala acha nyumbani.