Shida ndiyo iliyonileta kanisani: je, ibada yangu ni unafiki?

SWALI: Mchungaji, ninauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kituku, hapa Goma. Tangu benki zilipofungwa kwa sababu ya vita mwezi wa kwanza 2025, akiba yangu imenaswa humo, na nina mtoto anayenyonya. Ndipo nikaanza kwenda kesha za Ijumaa na kufunga. Mtumishi mmoja wa chumba cha maombi alituambia kwamba anayemjia Mungu kwa sababu ya shida anaabudu tumbo lake, na sala yake ni chukizo mpaka atoe sadaka ya kusafisha nia. Alisoma Yohana 6:26. Nikijichunguza naona kweli shida ndiyo iliyonileta. Niache kwanza?

JIBU: Usiache, mama. Na sadaka hiyo usiitoe.

Ninajibu bila kukawia kwa sababu fundisho hili linawaangukia wale ambao vita imekwisha kuwanyang'anya. Mtu amepoteza akiba, sasa anaambiwa hata machozi yake ni machafu!

Ni kweli, katika Yohana 6:26 Yesu aliwaambia watu kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Lakini mikate hiyo ni nani aliyewapa? Ni yeye mwenyewe, jana yake, na hakuuliza nia ya mtu kabla ya kugawa. Baada ya kuwakemea hakuwafukuza. Aliwafundisha habari za mkate wa uzima. Huyo mtumishi angeendelea mpaka mstari wa 37 tu, angesoma kwamba yeyote ajaye kwa Yesu hatatupwa nje kamwe. Wengi waliondoka siku ile, ndiyo, ila waliondoka wenyewe, na mafundisho ndiyo yaliyowashinda.

Tazama pia Luka 15. Yule mwana mpotevu aliamka kurudi kwa baba yake alipokumbuka kwamba watumishi wa kule wanakula na kusaza. Njaa ndiyo iliyomwinua. Baba alimkimbilia akiwa bado mbali, na maneno aliyoyaandaa hakumwacha hata ayamalize. Wakoma kumi nao walipaza sauti kwa ajili ya ugonjwa wao. Wote walitakaswa, mmoja tu akarudi kushukuru, ndipo Yesu akauliza wale tisa wako wapi. Na katika kitabu cha Ayubu, anayedai kwamba mtu hamchi Mungu bure ni Shetani. Mhubiri anayeona raha kuchimba nia za wajane na wakimbizi ajiulize ameazima swali la nani.

Nia ambayo Yesu aliikemea vikali ni ya kusali ili watu waone, Mathayo 6. Nyingine, iliyokemewa na mtume Petro, ni ile ya Simoni wa Samaria, aliyeleta fedha ili apate karama ya Mungu. Petro alimwambia fedha yake ipotee pamoja naye. Sasa, anayetoza pesa ili kusafisha nia anafanana na nani katika habari hiyo? Sisemi zaidi.

Kujichunguza ni kwema. Paulo anataka tufanye hivyo kabla ya Meza ya Bwana. Lakini Paulo huyo huyo, katika 1 Wakorintho 4, anasema hajihukumu hata nafsi yake, hukumu ni ya Bwana. Ukingoja nia isiyo na doa hutasali hata siku moja, wala mimi.

Unataka kujua kama moyo wako unageuka? Usiukodolee macho usiku kucha. Angalia kopo unalopimia sambaza, kama limejaa sawasawa kwa mteja asiyejua bei. Angalia kama unasali nyumbani pia, pasipo kwaya wala kipaza sauti. Omba akiba irudi, itaje kwa kiasi chake mbele za Mungu, kisha omba jambo moja lisilokuhusu: jirani yako, au hata huyo mtumishi.

Kuhusu kufunga: mtoto ananyonya, kwa hiyo kula, tena kula vizuri. Pesa uliyotaka kumpelekea yule bwana inunulie mzigo wa kesho asubuhi. Na kama kesha ni mbali na njia haina usalama usiku, salia nyumbani Ijumaa hiyo, Jumapili utakuja.