"Friar" ni padre, mmonaki au mtawa?

SWALI: Natafsiri wasifu wa msomi aliyesoma Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Humo imeandikwa kwamba alikuwa mwanachama wa "Friar Society". Nimeandika "Chama cha Heshima cha Mapadre", lakini mhariri amekikataa. Kosa liko wapi?

JIBU: Makosa ni mawili, na mhariri wako ana haki.

Tuanze na "padre". Upadre ni daraja takatifu, lakini neno "friar" halisemi lolote kuhusu daraja. Limetokana na Kilatini "frater", yaani ndugu, likaingia Kiingereza kupitia Kifaransa. Thomas wa Akwino alikuwa padre, Fransisko wa Assisi hakuwa padre, na wote wawili huitwa kwa neno hilohilo. Ukikimbilia "bruda" unaangukia upande wa pili, kwa kuwa Wakatoliki wetu wakisema bruda humaanisha mtawa wa kiume asiye padre.

"Mmonaki" nalo halifai. Wabenediktini wa Peramiho, Ndanda na Hanga ndio wamonaki: kila mmoja huweka nadhiri ya kudumu katika nyumba yake ya kitawa (abasia), chini ya abate, yaani mkuu wa nyumba hiyo. Ndugu wa Fransisko na wa Dominiko, waliotokea karne ya 13, hufungwa na shirika na si na nyumba. Leo yuko mji huu, kesho mkubwa wake anampeleka kwingine kuhubiri. Kwa hiyo usimpe abate wala abasia; makazi yake ni konventi.

Linabaki "mtawa", ambalo ni sahihi lakini ni pana mno. Masista ni watawa, wamonaki ni watawa, na hawa pia. Isitoshe, shina lake ni kitenzi "kutawa", kukaa ndani bila kuonekana hadharani, ilhali watu hawa waliingia mijini makusudi, wakaishi kwa sadaka katikati ya watu. Matumizi yamekwisha kulipanua neno, kwa hiyo litumie bila hofu, ila liongezee jina la shirika: mtawa Mfransisko, mtawa Mdominiko, mtawa Mkarmeli.

Neno lililo karibu zaidi na asili tunalo tayari kanisani, nalo ni "ndugu". Wakapuchini, ambao ni tawi la Wafransisko, nchini Tanzania hujulikana kama Ndugu Wadogo Wakapuchini. Huo "udogo" ni unyenyekevu, si umri. Hapa ndipo watafsiri wengi hujikwaa kwenye umoja: ukiandika "alikuwa ndugu mdogo", msomaji ataelewa kwamba alikuwa na kaka au dada aliyemtangulia kuzaliwa. Katika wingi andika Ndugu Wadogo, kwa herufi kubwa. Katika umoja sema Mkapuchini au Mfransisko. Upatanisho wa vivumishi ni wa watu (Ndugu Wadogo wale), lakini vimilikishi hubaki "ndugu yake, ndugu zake".

Sasa chama chenyewe. Friar Society kilianzishwa mwaka 1911, na wanachama wake ni wanafunzi wanaoteuliwa kwa mchango wao katika maisha ya chuo. Pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania kuna chama cha namna hiyo cha mwaka 1899, Friars Senior Society. Hakuna nadhiri wala kanzu ya shirika. Kilichoazimwa ni jina tu. Jina la namna hiyo huachwa lilivyo, kisha chama huelezwa kwa maneno machache. Hali ni tofauti kwa Providence College, kilichoanzishwa na Wadominiko mwaka 1917: wachezaji wake huitwa Friars kwa sababu ya watawa walewale, na hapo maelezo ya utawa yana mahali pake.

Kosa la pili ni "heshima". Kwa Kiswahili cha vyuo, shahada ya heshima ni ile anayotunukiwa mtu asiyeisomea. Msomaji wa "chama cha heshima" atadhani uanachama ulikuwa zawadi tu, kumbe mwanafunzi aliufanyia kazi. "Chama cha wanafunzi mahiri" hakileti utata huo, ingawa hapa "walioteuliwa" ni sahihi zaidi, kwa kuwa kigezo si alama za mtihani peke yake.

Andika hivi: "Akiwa chuoni aliteuliwa kuwa mwanachama wa Friar Society, chama cha wanafunzi waliotoa mchango mkubwa kwa Chuo Kikuu cha Texas." Kama nafasi inaruhusu, ongeza: "jina lake limetokana na watawa wa Kikatoliki waitanao ndugu."