Fomu ya siku ya kwanza: kwa wanangu mnaoripoti masjala

Siku ya kwanza kazini, kabla hujaonyeshwa choo kiliko, utapewa fomu ya Sheria ya Siri za Serikali utie sahihi. Mimi nilitia bila kusoma, chai isinipoe. Nimekula chumvi nyingi katika masjala ya ofisi moja ya serikali hapa Mombasa, na vijana wapya huniuliza swali lile lile: mzee, nikitoa karatasi nje, nitanyongwa kama mhaini?

La. Kisome kifungu cha 40 cha Kanuni ya Adhabu ukiwa umetulia. Uhaini ni kupanga kumuua Rais, kupindua serikali kwa njia ya haramu, kupigana na Jamhuri au kumsaidia adui yake vitani. Adhabu yake ni kifo. Mara ya mwisho Kenya kunyonga watu ilikuwa 1987, na walionyongwa walikuwa askari wa Jeshi la Anga waliojaribu kupindua serikali Agosti 1982. Uhaini ndio huo, wa bunduki na kuteka redio ya taifa. Karani mwenye bahasha kwapani ana sheria yake nyingine, ile ya fomu, ya mwaka 1968, na jela imo humo tele. Sisemi ni mchezo.

Nakubali, zipo siri za kweli. Mwenzetu mmoja, mtu wa porojo, alitaja kwenye kahawa jina la mtu aliyepeleka habari za wauza unga. Alitaja tu, ili aonekane anajua mambo. Wiki haikuisha, familia ile ilihama Kisauni usiku, godoro juu ya tuktuk. Nilimchukia mwenzetu yule, na bado nasema alistahili kufungwa. Lakini kumwita mhaini? Hakumpindua mtu. Ukilitandaza neno hilo mpaka limfunike mropokaji, kesho litamfunika na aliyefichua wizi.

Maana faili nyingi nilizobeba zenye muhuri wa SIRI hazikuwa na siri ya nchi. Zilikuwa na aibu ya mtu. Moja niliyoifungua ilikuwa na risiti za viti, bei yake ungedhani vimechongwa kwa pembe za ndovu.

Msikieni David Munyakei. Alikuwa karani wa Benki Kuu, akaona malipo ya Goldenberg, fedha za umma zikilipwa kwa dhahabu ambayo haikuwahi kuuzwa nje, akatoa nyaraka. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa kwa sheria hiyo hiyo ya fomu yenu. Kesi haikusimama, ila kazi hakurudishiwa. Alikimbilia huku kwetu Mombasa, akasilimu, akaoa. Alifariki 2006, fukara. Hawakuhitaji kumshtaki kwa uhaini ili wamvunje, na hilo mlikumbuke kabla ya kujifanya mashujaa.

Hata Marekani, mwanajeshi Chelsea Manning aliyetoa maelfu ya nyaraka za jeshi alishtakiwa kumsaidia adui. Mwaka 2013 mahakama ya kijeshi ilimwondolea shtaka hilo, ikamfunga miaka 35 kwa mengine, na baadaye kifungo kikapunguzwa.

Sasa mfanyeje? Kwanza jueni kwamba Katiba, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kumjibu. Mwananchi akija na barua yake, usimfukuze kwa mazoea. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliomba mikataba ya reli ya SGR wasijibiwe, wakaenda kortini, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya hapa hapa Mombasa ikaamuru itolewe. Serikali ilikuwa imeshikilia kwamba ni siri. Karatasi ile ile, na hakuna karani aliyehatarisha mkate wake.

Ukiona wizi, EACC, tume ya kupambana na ufisadi, hupokea ripoti bila jina. Sheria hiyo ya 2016 pia ina kinga kwa anayefichua kwa manufaa ya umma, ingawa kinga ya kwenye karatasi hailipi kodi ya nyumba, kwa hivyo muone wakili kwanza. Na usipige picha faili kwa simu yako ofisini. Wanaoshikwa hushikwa hapo.

Ile fomu nayo, ombeni nakala. Yangu niliiona tena siku ninastaafu, ina doa la chai pembeni, na ndipo nikaisoma.